KURAHISISHA MCHEZO KUSIMFUTE MTU

Miongoni mwa mambo ambayo watu wazima huyapita kwa kuyadharau ni mabishano ya vijana juu ya michezo ya video. Hudhaniwa kuwa ni mabishano ya watu wasio na kazi, juu ya vitu visivyo na uzito. Sisi twaona vinginevyo. Hoja wanayobishania mashabiki wa michezo hiyo, hasa ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kuyaishi maisha yake, ina uzito kuliko wao wenyewe wanavyodhani. Nayo ni hii: mchezo ukirahisishwa ili uchezwe na wengi, hupotea nini? Na je, uhai wa mchezo umo katika kanuni zake, au umo katika watu wanaokaa ndani yake?

Twawaomba wasomaji wetu wa visiwani, pamoja na ndugu zetu walio katika ofisi za Serikali, watuvumilie tukiichukua hoja hii na kuipeleka mbali na kioo cha kompyuta, hadi Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero. Sababu ya kuipeleka huko itaonekana.

Tuanze na asili ya jambo. Michezo ya kuvaa uhusika haikuzaliwa ndani ya kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji waliizunguka meza, kila mmoja akashika uhusika wake, wakarusha dadu kuamua yatakayowafika. Baadaye mchezo wa namna hiyo ulihamia kwenye kompyuta, na mwaka 1998 kampuni ya BioWare ya Canada ilitoa Baldur's Gate, uliofuata kanuni za mchezo ule wa mezani na kuwapa wachezaji wenzi wa safari wenye tabia zao, ugomvi wao na siri zao.

Tangu hapo mashabiki wamekuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba mchezo ni kanuni. Wao hutaka hesabu za nguvu na wepesi, uzito wa mizigo, aina nyingi za silaha, na mamia ya mambo ya kuchagua. Ukiyapunguza hayo, wasema, umemdhania mchezaji kuwa mtoto. Kambi ya pili husema kwamba hesabu hizo ni makapi. Kinachomfanya mtu akeshe mbele ya mchezo ni kutaka kujua yule mwenzi wake wa safari atasema nini kesho, na kama atamsamehe kwa uamuzi aliouchukua jana.

Mifano iko. Mwaka 2007 BioWare ilitoa Mass Effect, na mwaka 2010 ikatoa wa pili. Katika ule wa pili rundo la silaha na vifaa lilipunguzwa sana, na hesabu za kukuza uwezo zikafupishwa. Wapenda kanuni walilalamika. Lakini nafasi iliyopatikana walipewa watu, maana karibu kila mwenzi wa safari alipata kisa chake, na wengi wakausifu kuliko wa kwanza. Mwaka 2011 kampuni hiyo hiyo ilitoa Dragon Age II, uliotengenezwa kwa muda mfupi. Mapigano yalifanywa ya haraka, na mapango yale yale yakarudiwa mahali pengi kana kwamba ni mapango mengine. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Hata hivyo, wengi wa walionung'unika walikiri kwamba watu waliomo waliandikwa vizuri, na hadi leo watu hao ndio wanaokumbukwa.

Mtu aweza basi kuhitimisha kuwa kambi ya pili imeshinda: punguza kanuni, tunza watu, mchezo utanusurika. Lakini jambo si jepesi hivyo, na mfano mwingine watuonyesha kwa nini. Mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Morrowind. Ndani yake mchezaji aliyetaka kufika mahali ilimbidi aulize. Wenyeji humwelekeza kwa maneno: fuata mto, pita daraja, ukiona jabali shika mkono wa kushoto. Mara nyingine mchezaji hupotea. Mwaka 2006 ulipotoka mchezo uliofuata, Oblivion, mchezaji alipewa alama ya kumwonyesha aendako, na mwaka 2011 Skyrim uliendelea na mtindo huo, ukaziondoa pia zile hesabu za asili za nguvu na akili. Mamilioni ya watu waliupenda. Lakini tazama kilichotokea. Mwenyeji aliyekuwa akiulizwa njia hana tena wa kumwuliza. Bado amesimama pale, bado ana jina, bado akisalimiwa hujibu, ila hahitajiwi. Waliopunguza kanuni ya kutafuta njia hawakukusudia kumpunguza mtu, lakini walimpunguza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Twaongeza kwamba kuuliza ni kumpa heshima anayeulizwa, kwa kukiri kuwa anajua kitu usichokijua.

Hapa ndipo twapaona tofauti ambayo mashabiki wengi, katika joto la mabishano, hawaitengi vya kutosha. Kuna kurahisisha kwa aina mbili, na Ifakara yatupa mfano wa aina ya kwanza. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge na vijiji vya Ulanga alivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Mto ukijaa, safari ilikuwa ya mashaka; na Januari 2016 kivuko kilipata ajali mtoni hapo. Leo pana daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018. Hakuna mwenye akili timamu anayelia kwamba safari imerahisishwa mno. Daraja limeondoa adha, wala halikuuondoa mto. Mto upo, bonde lipo, na watu wa ng'ambo hizi mbili wamekaribiana zaidi. Huo ndio urahisi wa daraja. Urahisi wa aina ya pili ni ule wa mshale wa Skyrim, ambao huondoa adha pamoja na mwenyeji wake. Swali la kumwuliza mtengenezaji wa mchezo, na kila mrahisishaji wa jambo lolote, si kama amepunguza. Aulizwe: umetuondolea mzigo, au umetuondolea mtu?

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa somo hili kwa mifano ya Ulaya na Marekani, kwani wanalo bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, na 22 huwa akiba ya kunamua. Akiba ikiisha ndipo huingia mtaji. Zipo sheria za kichwa na kimbi, za kula na kutakata, na heshima za nyumba ambazo mgeni huzishangaa. Lakini lipo pia bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo na namua haipo. Kwa lugha ya vijana wa leo, hilo ni bao lililorahisishwa. Je, limeliua bao? Hata kidogo. Mtoto huanzia hapo, kisha akikua husogea kwenye ubao wa wakubwa. Hatari ingekuwa kama tungelitupa bao kubwa na kumwambia mtoto kuwa lile la kujifunza ndilo bao zima.

Tena bao latukumbusha jambo la pili. Mchezo huu hauna hata mhusika mmoja aliyeandikwa. Kete ni kete. Lakini nani aliyewahi kukaa barazani akaona bao lisilo na watu? Wahusika ni wale wawili wanaocheza, na watazamaji wanaotoa maneno ya kejeli na ya kupongeza. Bao halikuandikiwa watu kwa sababu huja na watu wake.

Neno hilo tuliweke moyoni tunaposogea karibu na Kilombero. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika nyanda za Usangu, ambako Mto Ruaha Mkuu huanzia safari yake ya kuelekea Mtera na Kidatu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Uingereza, akiwamo Bruce Lankford, walitumia mchezo wa ajabu kwa urahisi wake. Ulikuwa ubao mrefu ulioinama, wenye mfereji mfano wa mto. Gololi zilitiririshwa kutoka juu badala ya maji. Wachezaji, ambao walikuwa wakulima wenyewe, waliweka vijiti mtoni kama mabanio yao, wakazielekeza gololi katika vitundu vya mashamba yao. Kwanza kila mtu alijichezea kwa faida yake. Waliokuwa juu walishiba maji, na waliokuwa chini waliutazama mto mkavu. Kisha wakacheza kwa kushauriana, na mwishowe wakazungumza juu ya mto wao wa kweli.

Mchezo huo ulikuwa na kanuni chache kuliko mchezo wowote wa kompyuta. Hata asiyejua kusoma aliuelewa. Kwa nini basi haukuwa mtupu? Kwa sababu mezani walikaa watu wenyewe. Mwenye shamba la chini hakuhitaji kuandikiwa maneno. Alikuwa na deni lake, mke wake, jirani yake wa juu ambaye pengine ni shemeji yake. Kanuni zilipungua, lakini watu hawakupungua. Hapa twapata kanuni ya jumla, nayo twaiona kuwa ni jibu la mabishano ya mashabiki: mchezo waweza kurahisishwa kwa kadiri watu wake wanavyokuwa wazima. Penye watu halisi, gololi na kijiti vyatosha. Penye kioo kitupu, mtunzi analazimika kuwaandika watu kwa bidii, maana asipowaandika yeye, hakuna atakayewaleta.

Sasa tuje bondeni. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Mvua za masika zikishuka, mto hutoka kingoni na kulifunika bonde. Maji yakipungua, huacha rutuba, majani na samaki. Wandamba wameishi na mwendo huo kwa vizazi vingi, kwa mtumbwi, wavu na jembe la mpunga. Wapogoro na Wabena nao ni wenyeji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta watu wengine. Mashamba ya miwa yakaleta wengine. Malisho yakawavuta wafugaji kutoka mbali. Mwaka 2002 bonde liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Humo huishi sheshe, swala ambaye makao yake makubwa duniani yalikuwa hapa. Na mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao bondeni, jambo lililotetewa na wenye kuihofia ardhioevu na kuwaumiza waliolazimika kuhama.

Haya yanawahusu nini watu wa visiwani? Mto Kilombero hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Kwa maji ya Rufiji huzungushwa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa gridi ya Taifa huvuka bahari kwa waya hadi Unguja tangu mwaka 1980, na kwa waya mkubwa zaidi tangu 2013. Pemba hupata wake kutoka Tanga tangu 2010. Na pale Rufiji inapomwaga maji yake baharini, mbele yake kuna kisiwa cha Mafia na wavuvi wake. Basi anayewasha taa Michenzani na anayetupa wavu Mafia, wote wawili wako katika mchezo mmoja na mkulima wa mpunga wa Ifakara, ingawa hawajapata kuonana.

Tuseme kijana wa Ifakara, mwenye ujuzi wa kompyuta, anataka kutunga mchezo wa kuvaa uhusika juu ya bonde lake. Jambo hilo si ndoto. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa mchezo wa namna hiyo, Aurion, uliojengwa juu ya hekaya na fikra za Kiafrika. Lililowezekana Yaoundé laweza kufanyika Ifakara. Je, kijana wetu afuate kambi ipi?

Akifuata kambi ya kanuni peke yake, atatupa hesabu za kina cha maji, magunia ya mpunga na idadi ya ng'ombe, nasi tutajifunza kutoa na kujumlisha. Akifuata njia ya mkato, atatupa majina tu: Mkulima, Mfugaji, Jangili, Ofisa. Mkulima atakuwa mwema, mfugaji mvamizi, jangili mwovu, na ofisa mla rushwa. Mchezo wa namna hiyo ni mwepesi kuuza. Nao ni uongo, na uongo wake si wa mchezoni peke yake, kwa sababu mtoto wa mjini atakayeucheza hatakuwa na bonde lingine la kuliamini.

Sisi tungemshauri aanze na mtu. Tuseme mchezaji amevaa uhusika wa ofisa wa uvuvi, ana pikipiki moja na vijiji vingi, na ametumwa kupima nyavu. Akaukuta wavu wenye macho madogo, uliokatazwa kwa sababu hunasa hata vifaranga vya kambale na perege. Mchezo mbaya ungempa vitufe viwili: kamata, au pokea rushwa. Mchezo mwema ungemwacha kwanza yule mvuvi aseme: "Bwana ofisa, macho ya wavu umeyapima. Macho ya wanangu je?" Kisha ungemwacha ofisa atafute la kumjibu, akijua kwamba wavu huu ukibaki, mwaka ujao wanawe na wana wa jirani watakosa samaki wote. Hapo kanuni na mtu vimekutana. Mchezaji ameijua sheria, na ameijua bei yake. Tena ofisa naye amekuwa mtu, mwenye kuchoka na kufikiri, jambo ambalo watumishi wengi wa umma hawatendewi katika hadithi zetu.

Kanuni ambayo asiipunguze ni mwendo wa mto. Maji yaje kwa msimu wake, yasisubiri mchezaji amalize kazi. Atakachopunguza ni mizigo na hesabu zisizo na maana. Na mshale wa njia asiuweke. Mchezaji aulize: amwulize mama auzaye samaki wakavu sokoni, amwulize mzee mwenye mtumbwi. Kwa kuuliza atajifunza majina ya mahali, na atajua kwamba hakuna sehemu ya bonde isiyo na mwenye kuijua.

Wapo watakaosema kwamba kuandika watu kwa namna hiyo ni ghali. Ni kweli. Kampuni ya Larian ya Ubelgiji, iliyotoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023, ilibakiza kanuni nyingi za mchezo wa mezani na pia ikawaandika watu kwa utajiri. Ikanunuliwa na mamilioni na kupata tuzo kubwa za mwaka huo. Lakini kazi hiyo ilichukua miaka mingi na watu wengi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kijana wetu hatakuwa na fedha za Larian. Ila anacho ambacho Larian hawana, nacho ni kwamba aweza kutoka nyumbani kwake, akavuka daraja, akakaa na wenyeji na kuwasikiliza kwa lugha yao. Watu wachache walioandikwa kwa ukweli wanashinda umati wa majina.

Na sasa twageuka kwa ndugu zetu maofisa, maana neno letu la mwisho ni lao. Michezo si ya vijana peke yao. Ramani ya matumizi ya ardhi ni mchezo uliorahisishwa. Jedwali la mgawo wa maji ni mchezo uliorahisishwa. Kanuni zake ni chache, rangi zake ni nzuri, na mara nyingi ndani yake hamna mtu; mna alama tu ya kijani na ya buluu. Hatusemi vitu hivyo visiwepo. Serikali haiwezi kutawala bila kurahisisha, kama vile msafiri hawezi kuvuka mto bila daraja au chombo. Twasema kwamba kila ramani inapopunguza kanuni, ofisa aongeze watu. Ubao wa gololi wa Usangu ulifaulu kuzungumzisha watu kwa sababu wa juu na wa chini walikaa meza moja. Hata kabla ya kompyuta, Ifakara ingeweza kuwekewa ubao wa namna hiyo, na bado yaweza: mkulima wa mpunga, mkulima wa miwa, mfugaji, mvuvi, ofisa wa wanyamapori, na kwa nini isiwe pia mjumbe kutoka Mafia na mmoja kutoka Unguja, ambao taa na nyavu zao zategemea maji hayo hayo.

Twazisihi pia taasisi zinazohusika na lugha, BAKITA bara na BAKIZA visiwani, ziitazame michezo hii kuwa ni utanzu wa fasihi wenye kuhitaji msamiati, kama zilivyoitazama tamthiliya na riwaya. Na twawasihi wazazi, kabla ya kumfukuza kijana mbele ya kioo, wamwulize swali moja: huyo unayecheza naye humo ndani, ni mtu au ni alama? Akiweza kueleza kwa nini mwenziwe wa safari alikasirika jana, na kama alikuwa na haki ya kukasirika, mwacheni kidogo. Anajifunza jambo ambalo wengi wetu tuliingia nalo ofisini likiwa pungufu.